Ranchi ya familia hubadilika kwa kalenda kabla ya mashine

Wenye ranchi za familia wakijua kwamba kazi yangu ni malisho, swali huwa lilelile: ninunue nini? Siku hizi kinachotajwa zaidi ni uzio usio na nguzo wala waya. Mnyama huvishwa mkanda wa shingoni wenye GPS. Akikaribia mpaka uliochorwa kwenye simu anasikia mlio, na akiupuuza anapigwa shoti ndogo. Kampuni ya Nofence ya Norwei ilianza nao kwa mbuzi, kisha ukaenea kwa kondoo na ng'ombe. Ni kifaa kizuri. Ila familia ninazoziona zikivuka miaka mibaya huwa zimebadili kwanza wakati wa kufanya mambo, na mara nyingi hazijanunua chochote.

Chukua uzazi. Ng'ombe hubeba mimba siku 283 hivi. Ukitaka azae kila mwaka, anabakiwa na siku 82 tu za kupona, kurudi kwenye joto, yaani kutaka dume tena, na kushika mimba nyingine. Ndizo siku ambazo ananyonyesha na mwili wake unadai chakula kuliko wakati wowote. Ndama wakizaliwa nyasi zimekauka, mwenye ranchi anajikuta akinunua majani na vyakula vya ziada kuziba pengo alilolipanga mwenyewe. Akisogeza msimu wa kupandisha ili ndama wazaliwe nyasi zinapochipua, sehemu kubwa ya ile bili inaondoka. Haiondoki bure, lakini. Ndama watafika kwenye mnada waliouzoea wakiwa wadogo, kwa hiyo itabidi kutafuta soko la mwezi mwingine au kuwakuza zaidi. Wanaowashauri wafugaji waache kulificha hilo.

Hapa ndipo utasikia kwamba babu alizalisha mwezi ule maisha yake yote. Babu hakuwa mjinga. Alipanga kwa mvua zake, vibarua wake na soko lake. Kilichopitwa na wakati ni hesabu, na hesabu inarudiwa bila kumvunjia mtu heshima.

Wala hakuna haja ya kuliburuza kundi zima kwa siku moja. Mwaka 1943 Bryce Ryan na Neal Gross walichapisha utafiti wao kuhusu wakulima wa Iowa, Marekani, na mbegu mpya za mahindi chotara. Wengi walisikia habari za mbegu hizo kwanza kutoka kwa wauzaji, lakini aliyewashawishi kupanda alikuwa jirani, na hata hivyo walianza na sehemu ndogo ya shamba. Mfugaji hana kona ya shamba ya kujaribia mwezi wa kuzalisha, ila ana mitamba. Hao bado hawajazaa, hawana kalenda ya kuvunja. Wapandishe wao peke yao kwa msimu mpya, uangalie miaka miwili mitatu wangapi wanashika mimba ya pili. Mimba ya pili ndiyo mtihani wenyewe. Ya kwanza hudanganya, maana mtamba huishika akiwa bado hanyonyeshi.

Jambo la pili ni ukame, na hapa sina simile: tarehe ya kuamua iwekwe kabla. Kila eneo la malisho lina wakati ambapo sehemu kubwa ya nyasi za mwaka huwa imeshaota, na mvua itakayokuja baadaye hairudishi kilichokosekana. Siku hiyo unakwenda kupima kilichosimama. Ng'ombe wa kilo 450 hula kama kilo 10 za majani makavu kwa siku. Ng'ombe 100 ni tani moja kila siku, na kiangazi cha siku 150 ni tani 150. Ukifuata kanuni ya wafugaji ya kula nusu na kuacha nusu, ili mizizi isife na udongo usibaki uchi, unahitaji tani 300 zimesimama. Zikiwa 200, chakula ulicho nacho ni cha ng'ombe 67 hivi. Hakuna cha kujadili zaidi ya nani aondoke.

Anayeuza siku hiyo anauza mnyama mwenye nyama. Anayengoja mawingu huuza mifupa, wiki moja na majirani wote, na bei anapangiwa.

Lakini nani aondoke ni swali linalojibiwa miaka kabla, kwa jinsi kundi lilivyoundwa. Ranchi yenye majike wazazi watupu haina cha kuuza isipokuwa mama wenyewe, yaani damu iliyochaguliwa kwa miaka mingi. Ndiyo maana wengine huweka majike wachache kidogo na kujaza nafasi kwa maksai na vijana wa mwaka mmoja. Mwaka wa neema hao wanakula ziada. Mwaka mbaya ndio wa kwanza kupanda lori, wakifuatwa na majike waliopimwa na kukutwa hawana mimba, kisha wazee walioishiwa meno. Ndama nao waweza kuachishwa kunyonya mapema, maana maziwa yakikatika mama anahitaji chakula kidogo sana kuliko jana yake.

Yote haya yanajulikana. Kinachoyakwamisha ni kwamba mzee ndiye mwenye ardhi, kijana ndiye mwenye wazo, na mazungumzo yao hufanyika jioni ng'ombe wakiwa wamekonda na kila mtu amechoka. Mimi huwaomba waiandike ile tarehe na kiwango cha nyasi mwaka ukiwa mzuri, wote watie sahihi, mama na wakwe wanaofanya kazi pale wakiwemo. Kisha mrithi apewe kundi dogo lililo lake kweli: vitalu vyake, daftari lake, faida yake, na bili ya daktari wa mifugo ije kwa jina lake. Akitaka mikanda ya GPS, ataanza na hao.