Kaboni itakaa wapi, na kwa miaka mingapi?

Kwenye mikutano ya vijiji huku Tabora, kuanzia Sikonge hadi Kaliua, habari ya kaboni sasa haikosi. Lakini mambo mawili tofauti yanachanganywa: kulipunguza makali jua, na kuondoa hewa ukaa, yaani gesi ya kaboni inayoipasha dunia joto, iliyokwishajaa angani. Kazi yangu ni misitu na udongo, na anayeniuliza lipi kati ya hayo lina maana namjibu kwa swali: kitakachofanyika leo kitadumu miaka mingapi?

Tuanze na jua. Juni 1991 mlima Pinatubo wa Ufilipino ulilipuka na kurusha takribani tani milioni 15 za gesi ya salfa juu kabisa ya mawingu. Gesi ile ikageuka ukungu mwembamba ulioakisi mwanga, na wastani wa joto la dunia ukashuka karibu nusu nyuzi kwa mwaka na ushee. Mwaka 2006 Paul Crutzen, mkemia aliyepata Tuzo ya Nobel kwa utafiti wa ozoni, aliandika kwamba jambo hilo linastahili kuchunguzwa: salfa ipelekwe juu kwa makusudi. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na njia nyingine, na hapo ndipo penye hatari. Salfa hukaa juu mwaka mmoja au miwili ikashuka. Hewa ukaa, sehemu yake kubwa hukaa karne na karne. Kwa hiyo atakayeanza kumwaga salfa huku viwanda vikiendelea kutoa moshi hawezi kuacha. Akiacha, kwa vita au kwa kufilisika, joto lote alilokuwa amelizuia linatushukia ndani ya miaka michache.

Halafu kuna mvua. Sisi tuna msimu mmoja tu, Novemba hadi Aprili, na ukanda wa mvua wa tropiki huelekea upande wa dunia uliopata joto zaidi. Ukipoza kaskazini peke yake, ukanda unasogea kusini. Mlipuko wa volkano ya El Chichón huko Meksiko, upande wa kaskazini, mwaka 1982 ulifuatiwa na ukame mkali Sahel, kusini mwa jangwa la Sahara. Mawaziri wa mazingira wa Afrika walipokutana Addis Ababa mwaka 2023 walitaka teknolojia hii isitumike. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa mazingira wa Umoja wa Mataifa jijini Nairobi, pendekezo la Uswisi la kuunda jopo la wataalamu wa kuichunguza liliondolewa baada ya mabishano marefu. Kwenye matumizi naungana na mawaziri. Kwenye utafiti siungani na wanaotaka tukae kando, maana tusipoichunguza mvua yetu wenyewe tutasomewa majibu na wengine.

Kuondoa hewa ukaa ni kazi nyingine kabisa. Huko Iceland, kampuni ya Climeworks iliwasha mtambo wa Orca mwaka 2021. Feni huvuta hewa, kemikali hunasa hewa ukaa kwa nguvu ya jotoardhi, kisha gesi huyeyushwa kwenye maji na kusukumwa ndani ya miamba ya basalti, ambako hugeuka jiwe ndani ya miaka miwili hivi. Kwa kudumu, jiwe halina mpinzani. Kwa wingi, hali ni nyingine: uwezo uliotangazwa ni tani 4,000 kwa mwaka, na dunia, kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, hutoa kiasi hicho kabla sekunde 4 hazijaisha. Wahandisi si wavivu. Katika kila chembe 10,000 za hewa, za hewa ukaa ni 4 na kidogo, na kuzichambua kunakula nishati nyingi.

Mti huzichambua bure. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, kwa hiyo tani 1 yake imebeba hewa ukaa iliyokuwa angani tani 1.8 hivi. Na miombo yetu ina sifa ambayo wageni huisahau: ukikata mti, kisiki na mizizi huchipua. Shamba lililoachwa bila kung'olewa visiki hurudi kuwa msitu, bila kitalu wala sherehe ya kupanda miti. (Najua, sherehe zina posho.)

Ila msitu ni ghala la kuezekwa kwa nyasi. Moto wa Agosti hadi Oktoba hukuta kila kitu kimekauka, ukaua machipukizi na kuunguza mizinga ya nyuki. Ndiyo maana huhimizwa uchomaji wa mapema, mwezi Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu. Halafu kuna mabani, majengo ya kukaushia tumbaku. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa kuni, na mkulima akipanda mikaratusi akaja kuichoma banini, kaboni imerudi ilikotoka. Alichofanya ni kuuepusha msitu wa asili na shoka. Ni jambo jema sana, lakini ni kuepusha, si kuondoa. Vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, majirani zetu wa Katavi, hulipwa kwa kuepusha ukataji, na fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Tatizo ni pale dalali anapouza kuepusha kwa jina la kuondoa.

Kwa Tabora, mimi ningeweka fedha kwenye bayocha: mkaa unaotengenezwa kwa kuunguza masalia ya mimea penye hewa kidogo, kisha ukachanganywa na udongo badala ya kuwashwa. Pumba za mpunga za Igunga na Nzega zipo, magunzi yapo, na mabua ya tumbaku mkulima anatakiwa kuyang'oa msimu ukiisha. Yakichomwa wazi, karibu kaboni yote hurudi hewani siku hiyohiyo. Yakiunguzwa vizuri, karibu nusu hubaki kwenye mkaa, na sehemu kubwa yake hudumu udongoni mamia ya miaka, huku udongo wetu wa kichanga ukishika maji na mbolea vizuri zaidi. Ila mtu akianza kukata mininga ili atengeneze bayocha, hesabu yote imeharibika.

Kanuni za biashara ya kaboni tunazo tangu 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kijiji kikiletewa mkataba, kabla ya kusoma bei ya tani ya hewa ukaa tafuteni kifungu cha moto: msitu ukiungua mwaka wa 15, hasara inabebwa na nani? Miradi mizuri hutenga tani kadhaa zisiuzwe, ziwe akiba ya kufidia. Kifungu hicho kisipokuwepo, mkataba urudishwe ukaandikwe upya.