Je, wajua kwa nini mpeasi unaovumilia barafu hushindwa na Tabora?

Shemeji yangu anaishi Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Mwezi Januari mmoja alitutumia picha ya mpeasi wake: matawi meusi matupu, theluji imefika magotini, na maelezo kwamba usiku ule ilikuwa nyuzi 30 chini ya sifuri. Baba mdogo, aliyekuwa barazani kwake Ipuli, aliisogeza simu mbali na macho kama wafanyavyo wazee, akauliza, "Na huu bado unazaa?"

Unazaa, baba.

"Basi, mwanangu, mti ulioshinda hayo utashindwaje hapa kwetu?"

Nilimuunga mkono kwa moyo wote. Tukatafuta miche miwili iliyobebeshwa, muuzaji akatuapia kuwa ni aina ya Ulaya, ya nchi za baridi hasa. Mwaka wa nne miti ilikuwa kichekesho. Kila tawi lilikuwa fimbo ndefu tupu yenye kishungi cha majani kwenye ncha, mithili ya fagio zilizosimamishwa kichwa chini. Ua hata moja hatukuliona.

Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba ustahimilivu wa baridi ni nguvu, na kwamba mwenye nguvu ana nguvu popote. Kumbe kuna mambo mawili hapo, na sisi tulikuwa tumeyafunga furushi moja. La kwanza ni kutokufa baridi ikija. La pili ni kuamka baridi ikiondoka.

La kwanza nilipitie haraka. Nilikuwa nikiamini kwamba barafu hupasua mti kama chupa ya maji iliyosahauliwa kwenye friza. Mti uliojiandaa haukubali yafike huko. Siku zikifupika na usiku ukipoa, seli zake huongeza sukari, na barafu inapoanza hujitunga nje ya seli, ikiyavuta maji kutoka ndani. Kinachobaki ndani ni utomvu mzito. Watu wa Tabora hawahitaji maelezo marefu: weka asali kwenye friza uone kama itakuwa barafu. Seli nyingine ndani ya mbao hutumia mbinu ya ajabu zaidi. Maji yake hupoa mno bila kuganda, kama ile soda inayotoka kwenye friza ikiwa majimaji, ukiifungua tu inageuka theluji mkononi. Mbinu hiyo hufika ukingoni karibu na nyuzi 40 chini ya sifuri. Chini ya hapo maji huganda hata yasipopata chembe ya kuanzia, na mbao hufa.

La pili ndilo lililotuumbua. Machipukizi ya maua ya mpeasi huundwa wakati wa joto, mwaka mmoja kabla ya kuchanua, kisha hulala. Usingizi huo hauondolewi na joto, na hapa ndipo akili ya mtu wa Tabora inapogoma. Huondolewa na baridi yenyewe, kwa saa zinazohesabiwa.

Wazee waliowahi kwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge Tanga, na kutoka Kigoma walikwenda wengi, wanakijua kipande. Ilikuwa karatasi yenye nafasi 30. Siku uliyofanya kazi ilitiwa alama, siku uliyolala ilibaki wazi, na mshahara haukutoka mpaka nafasi zote zijae. Kupita kwa mwezi peke yake hakukujaza kitu.

Mpeasi nao una kipande. Kila saa ya baridi ya wastani, kwa hesabu ya kizamani kati ya nyuzi 0 na 7, hutiwa alama. Baridi kali ya kugandisha huongeza kidogo sana au haiongezi kitu, kwa hiyo ule usiku wa picha ya shemeji huenda haukuujazia mti wake hata nafasi moja. Siku za joto katikati ya majira ya baridi zinaweza kufuta alama zilizokwisha kutiwa. Msimamizi mkorofi, naam. Aina nyingi za Ulaya hudai saa 600 na kuendelea, nyingine zaidi ya 1,000. Namba hizi zisichukuliwe kama za mizani ya dukani. Zipo njia kadhaa za kuhesabu, na mti uleule hupata jibu tofauti kwa kila njia. Lakini kwamba hesabu imo ndani ya mti wenyewe si hadithi: Meksiko ulipatikana mpichi usiolala kabisa, na wachunguzi walipoufungua wakakuta umepungukiwa na kundi la jeni zinazohusika na usingizi huo.

Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai tunavaa masweta kwa nyuzi 14 au 15. Kwa mpeasi wa Ulaya hiyo ni siku ya kulala, kipande hakiguswi. Mjini Kigoma, kando ya ziwa, ndiyo kabisa.

Kumbe hata mwenye shamba la baridi hachagui nguvu tupu. Akipanda aina yenye kipande kifupi, siku chache za joto katikati ya baridi zitaikuta imeshamaliza hesabu. Itaamka, itamwaga ile asali yake, na baridi ikirudi itaikuta uchi. Ua la peasi lililofunguka huanza kuungua kwenye nyuzi 2 tu chini ya sifuri. Huko Minnesota hutajwa kwanza Summercrisp, aina iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1985, au Parker ya mwaka 1934. Kisha huangaliwa shina la chini, lile lenye mizizi: kikonyo kinachostahimili baridi kikibebeshwa kwenye mti wa kwinsi, jamaa wa mpeasi, kinaweza kufa kwa kuponzwa na mizizi, ilhali shina la peasi la Ussuri, la mashariki ya mbali ya Urusi, halitishiki. Halafu mwenzi. Mpeasi kwa kawaida hauzai kwa chavua yake, unataka aina nyingine inayochanua wakati mmoja nao. Luscious, tunda tamu la Dakota Kusini, hauna chavua ya kumfaa mtu, hupokea, hautoi.

Lushoto na Njombe mapeasi yanavunwa, kwa sababu ya milima na kwa sababu ya aina zenye kipande kifupi. Kwa Tabora ipo hila moja inayonichekesha. Batu, kwenye milima ya Java huko Indonesia, wakulima wa matufaha huyapukuta majani yote kwa mkono baada ya mavuno. Mti hudhani msimu umekwisha, nao huchipua kabla usingizi haujaushika, na mavuno huja mara mbili kwa mwaka. Hayo ni matufaha, lakini. Sijathubutu kumwambia baba mdogo ayajaribu kwenye peasi.

Naye hakunisubiri. Mpeasi mmoja ameshaung'oa, akapanda mwembe, ati mti usio na maringo. Sikumwambia kwamba mwembe nao hupenda ubaridi kabla ya kuchanua, na kwamba zile nyuzi 15 za Julai zinazomtoa sweta kabatini huutosha kabisa.