Taa ya kuvukia ipimwe kwa mwendo wa nani?

Muda wa kijani cha mtembea kwa miguu hupatikana kwa hesabu nyepesi: upana wa barabara, gawanya kwa mwendo wa anayevuka. Upana haubishaniwi. Ubishi uko kwenye mwendo. Kwa miaka mingi wahandisi wametumia mita 1.2 kwa sekunde, mwendo wa mtu mwenye afya asiyebeba mzigo.

Chukua barabara ya njia nne, kila moja mita 3.5, jumla mita 14. Mtu huyo anavuka kwa sekunde 12 hivi. Bibi mwenye mkongojo, akienda mita 0.8 kwa sekunde, anahitaji karibu 18. Sekunde ya 12 inamkuta bado yuko njia ya tatu, na bodaboda zimeshaanza kunguruma. Mwongozo wa taifa wa Marekani wa 2009 ulishusha kipimo hadi mita 1.07 hivi. Mwaka huohuo Singapore ilianza kufunga vifaa ambapo mzee anagusisha kadi na kuongezewa sekunde. Pasipo kadi, jengeni kisiwa katikati ya barabara, avuke nusu, apumue, amalizie. Wenye magari hulalamika kwamba sekunde sita za ziada zinaleta foleni. Foleni ya Dar es Salaam haikuletwa na bibi.

Asiyeona huongozwa hadi ukingoni na vigae vyenye vinundu, alivyobuni Seiichi Miyake wa Japani mwaka 1965. Hapo mlio wa polepole humwonyesha nguzo ilipo, na wa haraka humwambia avuke. Uingereza, chini ya kisanduku cha kitufe kuna koni ndogo inayozunguka pindi taa ya kuvuka inapowaka. Ukiishika kwa vidole utajua, hata kama pia husikii.

Lakini michoro ya kigeni haina trafiki wetu, anayeongoza makutano kwa mkono huku taa zikiendelea kuwaka. Mlio ukiachwa, utamruhusu asiyeona wakati huohuo trafiki ameyaruhusu magari. Kwa hiyo kwenye kabati la taa pawe na swichi ya kuzima mlio, askari wa zamu awe na ufunguo, na kabla ya kuyaita magari atazame kila ukingo kama kuna mwenye fimbo nyeupe.