Darubini ya kompyuta haioni kitu, usidanganywe na boksi

Kila mwezi haukosi mtu wa kunitumia meseji, "kaka nimeona darubini ina kompyuta inatafuta nyota yenyewe, ninunue?" na picha ya boksi chini yake, na mi huwa namrudishia swali moja tu kabla ya bei wala ukubwa wa kioo: hiyo kompyuta inajuaje ipo wapi? Wengi wananishangaa, wanadhani nawazingua. Ila kazi yangu ni kuonyesha watu anga, mashuleni na ufukweni, na usiku mwingi nilioharibikiwa umeharibika hapo hapo kwenye hilo swali.

Unajua zile mashine nyingi haziangalii juu kabisa, zinahesabu. Mota inazunguka, inajua imegeuka nyuzi ngapi, na ndani ina orodha ya maelfu ya vitu vya angani, sasa wewe ukiiambia leo tarehe fulani, saa fulani, nipo mahali fulani, halafu ukaielekeza kwenye nyota moja mbili inazozijua, inapiga hesabu vingine vyote viko wapi. Ukiidanganya inaamini.

Na sisi Waswahili tuna njia zetu za kuidanganya. Kuna jamaa alinipigia amekasirika kweli, darubini mpya mbovu, ameseti kwa nyota ya Sirius vizuri tu, ya pili mashine ikageukia ukuta wa jirani. Nikamuuliza umeandika saa ngapi? "Saa mbili." Kaandika 02:00! Mashine imetoka Marekani hiyo, haijui saa mbili usiku ya kwetu ni 20:00. Nilimcheka lakini moyoni nilikuwa nakumbuka yangu, maana usiku wangu wa kwanza na darubini yenye rimoti niliandika tarehe 6 Septemba kama tunavyoandika sisi, 06/09, yenyewe ikasoma Juni 9 kwa sababu Wamarekani mwezi unatangulia, na miezi mitatu kwenye anga ni kama saa sita za mzunguko, yaani nilikuwa natafuta Zohali kwenye anga la saa nyingine kabisa mbele ya darasa zima la watoto. Kwa hiyo aina hii ya kwanza, zile za rimoti kama Celestron NexStar, ambazo kwa kweli ni mashine nzuri, ukiwa nayo angalia vitu vitatu: mwezi kwanza ndiyo siku, saa iwe ya 24 na ukanda wa saa +3 bila yale mambo ya saa za kiangazi, na ukiandika mahali mwenyewe hakikisha Dar ni kama 6.8 Kusini na 39.3 Mashariki. Ile herufi ya Mashariki ndiyo watu wanaisahau.

Aina ya pili haina rimoti, inaongozwa na simu kwa waifai, mfano Sky-Watcher Virtuoso GTi, na hapo saa na mahali vinatoka kwenye simu yako, uzembe wote huo unaisha. Kero yake ni nyingine: simu ikiona waifai ya darubini haina intaneti inarukia bando lako kimyakimya na darubini inabaki bila dereva, kwa hiyo zima data kabla hujaanza. Halafu ile inakaa mezani, haina tripodi yake, na ukiiweka kwenye meza ya plastiki ya baa utaona Mshtarii anacheza singeli.

Aina ya tatu ndiyo inayoona kweli. Seestar S50 ya ZWO iliyotoka 2023 inapiga picha ya nyota, inalinganisha na ramani yake, inajijua ipo wapi bila kukusumbua, na ina kilo 2.5 tu, unaitia kwenye begi la mgongoni. Lakini haina mahali pa kuweka jicho! Unaangalia kwenye simu. Kwa mawingu ya gesi na makundi ya nyota inatoa picha ambazo jicho lako halitaziona kamwe, hata ukiwa katikati ya mataa ya mjini, ila lenzi yake ni milimita 50 na sayari zinatoka vidoti. Nimejaribu na watoto pia, wanaona picha wanasema nzuri, basi, wakati yule yule mtoto ukimwekea jicho kwenye lenzi akaona Mwezi una mashimo anapiga kelele mpaka mlinzi anakuja. Sasa chagua mwenyewe unataka nini.

Kuna pia StarSense Explorer ya Celestron, unabana simu juu ya darubini, kamera yake inasoma nyota na mishale inakuelekeza sukuma huku sukuma kule. Haina mota, ndiyo maana bei yake inavumilika, na ukiwa peke yako au wawili inatosha sana tu. Ila ukikuza mara 100 hivi sayari inakatiza kwenye kioo na kutoka ndani ya dakika mbili kwa sababu dunia inazunguka, na kama una foleni ya watoto arobaini kila wa tatu atakuta giza. Kwangu mi mota inahitajika zaidi kwa hiyo foleni kuliko hata kutafuta nyota.

Sasa jambo ambalo video za mtandaoni hawakuambii maana wanakaa mbali na ikweta. Achana na darubini yenye stendi ya uzito wa kuning'inia, ile wanayosema uielekeze kwenye Nyota ya Kaskazini. Dar hiyo nyota haionekani, Nairobi pia ipo chini ya upeo, na ncha ya kusini ya anga, ambayo ndiyo ungeielekezea badala yake, hapa Dar ipo nyuzi 7 tu juu ya upeo wa macho, bila nyota ya maana ya kuiashiria. Stendi nyingi za aina hiyo hazilali chini kiasi hicho, na ukilazimisha ule uzito unagonga mguu wa tripodi. Chukua inayokwenda juu-chini na kushoto-kulia tu. Nayo ina udhaifu wake, kitu kikifika utosini kabisa mota ya kushoto-kulia inatakiwa kukimbia ghafla na inashindwa, na sisi vitu vizuri ndiko vinakopita! Wingu la Orion hapa Dar linapita karibu kabisa na utosi, katikati ya Januari ni kama saa nne na nusu usiku, kwa hiyo nenda nalo saa mbili au subiri lianze kushuka.

Uzito: NexStar 8SE ni kilo 15 hivi na tripodi yake, inaonyesha vizuri mno, na nimeona mbili zinalala stoo kwa watu. 4SE ni kama kilo 10, kioo milimita 102, hiyo unaibeba kwa bajaji. Boksi likiandika inakuza mara 500 na kioo ni kidogo hivyo, puuza, kwa milimita 102 ukivuka mara 200 unakuza ukungu tu.

Betri ndogo nane inazotumia NexStar usizitegemee, zinakata katikati ya usiku. Nenda kwa fundi wa sola akufungie betri ya volti 12 yenye fyuzi, chanya iwe kwenye pini ya katikati, hapo usikosee. Na ukikaa pwani weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu kwenye boksi, ukungu ukiota kwenye kioo hautoki kwa kufuta na kanga.

Ukinibana nitaje moja, kwa mwalimu au mtu mwenye familia nasema 4SE, kwa kijana wa mjini anayependa picha Seestar, asiye na hela nyingi StarSense.

Nyongeza kwa watakaoagiza karibuni: Agosti 2, 2027 Jua litapatwa, lote kule Luxor ya Misri na Makka, kwetu sehemu tu. NexStar ukitafuta Jua kwenye orodha ya sayari hulioni, wamelificha makusudi mpaka uliruhusu mwenyewe, kwa sababu ukichungulia bila chujio jicho limekwenda. Chujio linakaa mbele ya darubini, kwenye mdomo mkubwa, sio vile vidogo vya kufunga kwenye lenzi ya jicho ambavyo vinapasuka kwa joto. Liagize mzigo mmoja na darubini.