Hajui kuigiza, au hasikiki?

Wasikilize watu wa Ngamiani, Tanga, wakisimuliana picha walizotazama wikiendi, kahawa mkononi. "Ile imepoa." "Yule dada hajui kuigiza, anasoma tu." "Mwanzo ilikuwa nzuri, katikati nikasinzia." Kazi yangu ni sauti za filamu, na maoni ya namna hii nayathamini kuliko sifa tunazopeana wenyewe kwa wenyewe. Mtazamaji akisema amechoka, kweli kachoka. Ila lawama mara nyingi anaipeleka kwa asiyehusika.

Chukua huyo dada "anayesoma". Picha zetu nyingi hupigwa sebuleni: sakafu ya vigae, kuta tupu, dari ya jipsamu. Sauti inagonga kote huko na kurudi, na maiki iliyokaa juu ya kamera, mbali na mdomo wake, inaokota neno pamoja na mwangwi. Pumzi, kusita, koo linavyokaza mtu anapozuia machozi, vyote vinazama humo, na uigizaji wenyewe ndio huo! Yanabaki maneno matupu. Mbandike binti huyohuyo maiki ndogo kifuani, tandika mablanketi sakafuni pale kamera isipofika, utamsikia mtu mwingine kabisa.

Kuna na lile la "kuna kitu hakikai sawa, sijui nini". Hapo mimi hutazama midomo kwanza. Televisheni zetu huenda kwa fremu 25, yaani picha tuli 25, kwa sekunde, maana yake fremu moja ni milisekunde 40. Kwa vipimo vya ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, sauti ikiutangulia mdomo kwa milisekunde 45 hivi watu wanaanza kugundua. Ikichelewa, wanavumilia mpaka kama 125. Tunavumilia kuchelewa kwa sababu ndivyo dunia ilivyo: ukimwona mtu anatwanga upande wa pili wa uwanja, mchi unatua kwanza, kishindo kinafuata. Kishindo kutangulia mchi hujawahi kukiona. Kwa hiyo mhariri akiteleza fremu mbili tu upande huo, tukio zima linakukera bila wewe kujua kwa nini.

Wengine husema picha "inakatakata", mhariri akaonekana hajui kazi. Mara nyingi kakata vizuri tu. Tukio limepigwa Raskazone, kando ya bahari, huyu kaongea upepo ukivuma, mwenzake kajibu upepo umetulia, basi kila kamera ikihama bahari inanguruma na kunyamaza. Dawa yake ni kurekodi dakika nzima ya mahali penyewe, watu wote kimya, kisha kuitandaza chini ya mazungumzo. Dakika hiyo ndiyo watayarishaji wanaotunyima kila siku, eti tunawachelewesha. Na ukitengeneza picha ya zamani, kama Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021) iliyo ya Zanzibar ya miaka ya 1950, bodaboda moja ikisikika nyuma ya ukuta imekuharibia zama nzima.

Hiyo "imepoa" sasa. Hapa nasema kwa uchungu: ni muziki. Kinanda kinaanza na majina ya wasanii na hakinyamazi mpaka mwisho. Sikio likishazoea, linaacha kusikiliza, na hofu yenyewe ikifika huna tena cha kuongeza. Mama anapokea simu ya msiba? Zima kila kitu, acha feni ya darini tu izunguke. Watu watakaa wima wenyewe.

Na chombo unachotazamia kinachangia sana. Spika ya simu haitoi besi za chini, kwa hiyo mapigo ya moyo niliyoyalaza chini ya tukio la kutisha, kwako hayapo kabisa. Kwenye kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video, picha ikiwa ya kutafsiriwa, unayemsikia zaidi ni DJ anayetafsiri kuliko steringi. Basi ukinisimulia picha iliyokuchosha, nitajie na ulipoitazamia: kwenye simu, kwenye tivii yenye sabufa, au kibandani.