Mafuta ya bangi hayaponyi saratani: maswali ya wagonjwa wa Dodoma na majibu yake

Mafuta ya bangi ni kitu gani hasa?

Ni masalia mazito, meusi au ya kijani iliyokolea, yanayonata kama lami. Bangi, hasa maua ya mmea jike, hulowekwa kwenye kiyeyusho kama spiriti, kikachujwa, kisha kiyeyusho kikavukizwa kwa moto. Kinachobaki kimebeba karibu kila kilichokuwa kwenye mmea: kemikali ya THC inayolevya, kemikali ya CBD isiyolevya, nta, na hata dawa ya wadudu iliyopuliziwa shambani. Usiyachanganye na mafuta ya mbegu za bangi, ambayo hukamuliwa kama alizeti na hayana THC ya maana. Wauzaji huviita vyote kwa jina moja.

Yanaponya saratani?

Hapana. Imani hii ilienezwa sana na Mkanada Rick Simpson, aliyedai kujiponya saratani ya ngozi mwaka 2003 na kuwashauri wagonjwa wanywe gramu 60 kwa siku 90. Hakuna majaribio ya wagonjwa yaliyothibitisha dai hilo. Ni kweli THC imeua seli za saratani kwenye sahani za maabara. Maji ya moto nayo huziua. Kuua seli kwenye sahani na kumponya mtu mwenye uvimbe ni mambo mawili tofauti.

Mbona jirani yetu alitumia akapata nafuu?

Nafuu si kupona. THC hupunguza kichefuchefu, huleta hamu ya kula na usingizi. Mgonjwa akimaliza sahani ya ugali na kulala usiku kucha, familia husema dawa imeingia. Uvimbe unaendelea kukua huku wote wakishangilia. Kabla ya kuamini habari ya jirani, uliza: kinyama kilichukuliwa kikapimwa maabara? Alikuwa amefanyiwa upasuaji au kupewa mionzi kabla? Mara nyingi jibu la swali hilo ndilo lenye siri ya kupona kwake.

Basi nijaribu miezi mitatu kwanza, yakishindwa niende hospitali?

Hapana, hapana tena. Hapa ndipo watu wanapopotelea. Mama anakuja na uvimbe wa titi uliokwisha kupasuka na kutoa harufu, wakati mwaka uliopita ulikuwa kama punje ya mahindi na ungeweza kukatwa ukaisha. Baba anakuja hamezi hata uji, ilhali alianza na ugali kukwama kifuani. Miezi mitatu kwako ni ya kujaribu. Kwa saratani ni ya kusambaa kwenye ini na mapafu.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha wagonjwa waliochagua tiba mbadala peke yake na waliotibiwa hospitali. Wa kundi la kwanza walikuwa na hatari ya kufa mara 2.5 zaidi, kwa saratani ya titi, zaidi ya mara 5. Ni watu waliokuwa na ugonjwa uliokuwa haujasambaa, yaani wenye nafasi nzuri ya kupona.

Kwa hiyo: uvimbe usiouma kwenye titi, damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, chakula kukwama, kidonda kisichopona kwa wiki tatu, nenda zahanati au kituo cha afya wiki hii. Uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi kwa siki huchukua dakika chache, na mabadiliko yakionekana mapema huweza kutibiwa siku hiyohiyo. Ukipewa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani iliyopo Dar es Salaam, nenda. Kwa treni ya SGR, Dodoma hadi Dar es Salaam ni takriban saa nne.

Mtoto wangu ana kifafa. Nasikia bangi inasaidia.

Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya CBD iliyosafishwa, kwa aina mbili adimu za kifafa kikali cha utotoni. Hupimwa kwa uzito wa mtoto na ini lake hufuatiliwa. Kichupa cha lami ni kitu kingine kabisa: kimejaa THC, na kiasi kidogo kinaweza kumlaza mtoto asizinduke, hata kumpunguzia pumzi. Na usimwachishe fenobabitoni, dawa yake ya kifafa, ghafla. Ukiikata, degedege huweza kuja mfululizo bila mtoto kuzinduka katikati, na hilo huua.

Muuzaji ameniambia nianze na kiasi cha punje ya mchele. Ni kidogo, sivyo?

Si kidogo. Punje hiyo ina uzito wa miligramu 25 hivi. Mafuta yakiwa na THC asilimia 60, umemeza miligramu 15. Nchi zinazotoa THC kama dawa ya hospitali, wengi huanzishiwa miligramu 2.5. Umeanza na mara sita. Tena hujui asilimia; muuzaji naye hajui.

Kosa la pili ni kuongeza. Mafuta yakimezwa hupitia ini, ambalo huigeuza THC kuwa kemikali yenye nguvu zaidi. Huchukua nusu saa hadi saa mbili kuanza. Mtu haoni kitu, anameza tena, kisha dozi zote mbili zinamfikia pamoja: moyo mbio, hofu kali, kuona visivyokuwapo, kuanguka.

Naweza kuyanywa pamoja na dawa zangu?

Usifanye hivyo. Yanaweza kupandisha kiwango cha warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) mwilini hadi ukavuja damu, na huongeza usingizi wa fenobabitoni. Wajawazito, wanaonyonyesha na wenye historia ya ugonjwa wa akili wasiyaguse kabisa.

Na maumivu je?

Waulize wahudumu wa tiba shufaa, yaani wanaotuliza mateso ya mgonjwa, kuhusu morfini ya kunywa, dawa kali ya maumivu. Ikitolewa kwa kipimo haimgeuzi mgonjwa wa saratani kuwa teja, na kuogopa jina lake kumewatesa wengi bure. Kichefuchefu cha dawa za saratani nacho kina vidonge vyake hospitalini, sema, usinyamaze.

Nikitengeneza mwenyewe nyumbani?

Mvuke wa spiriti au petroli hutambaa chini na kulifikia jiko la mkaa, nyumba huwaka. Petroli pia huacha benzini, inayosababisha saratani ya damu. Na kwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, kuumwa si kibali.

Mtu amezidisha. Tufanye nini?

Mlaze ubavu. Usimpe maziwa, usimtapishe, usimmwagie maji. Mpeleke hospitali mara moja, hasa akiwa mtoto, na mbebe pamoja na kichupa. Mwambie muuguzi ukweli kuwa amemeza mafuta ya bangi. Mkificha, atachomwa sindano ya uti wa mgongo na kupimwa malaria wakati shida ni pumzi yake inayopungua.