Je, utafiti wa kimaelezo si wa kisayansi?

Imani kwamba utafiti wa kitakwimu (unaotumia namba) ndio wa kisayansi, na kwamba ule wa kimaelezo (unaotumia maelezo ya watu, kama vile mahojiano) ni maoni tu yaliyopambwa, imedumu kwa muda mrefu lakini haina msingi. Tofauti ya kweli imo katika swali linaloulizwa: wa kitakwimu hupima kiwango na uhusiano wa mambo, ilhali wa kimaelezo huchunguza maana yake na namna yanavyotokea.

Chukua hojaji inayowataka wagonjwa waipe huduma alama 1 hadi 5. Wawili wanaandika 3: mmoja amependezwa na muuguzi ila amekosa dawa, mwingine anaogopa kuandika alama ya chini zaidi. Katika jedwali wanalingana kabisa, na usaili wa kina, yaani mahojiano marefu ya ana kwa ana, ndio unaoweza kuwatofautisha. Usaili huo haufanywi kiholela. Tangu wanasosholojia Barney Glaser na Anselm Strauss walipoeleza mwaka 1967 utaratibu wa kujua ni lini data inatosha, watafiti wengi huendelea kukusanya data hadi taarifa mpya zisipoongeza chochote katika uchambuzi. Hata hivyo, kujua ni asilimia ngapi ya wagonjwa wote wanaoogopa kunahitaji sampuli nasibu, yaani kundi la wagonjwa waliochaguliwa kwa bahati nasibu, iliyo kubwa vya kutosha.